Kabla Hujatia Saini: Barua kwa Mwanangu wa Mtaa wa Kongo

Ngamiani, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Dada yako amejifungua salama, mtoto wa kike, na mguu wa babu yako mdogo unaendelea kupona. Mengine utayapata kwa wenzangu wanaopiga simu kila siku. Mimi nimeshika kalamu kwa jambo moja.

Nimesikia kwa mama yako mdogo kwamba unataka kufunga televisheni ya inchi 75 hapo dukani Kariakoo, ionyeshe picha za vitenge na bei zake kutwa nzima. Kwamba fedha unazitafuta kwa wakopeshaji wa kausha damu. Na kwamba yule binti anayekusaidia utamwachisha kazi, mshahara wake uwe wa kulipia marejesho. Kama ni uzushi, niambie nipate usingizi. Kama ni kweli, isome barua hii yote kabla hujatia saini popote.

Televisheni yenyewe sina ugomvi nayo. Ninalogombania ni mkopo ule na binti yule.

Kwanza nikusimulie kilichotokea hapa Tanga. Mwaka 2002 wewe ulikuwa bado mwanafunzi wa kaptula. Kombe la Dunia lilichezwa Korea na Japani, na kwa sababu ya tofauti ya saa, mechi zilitufikia mchana, maduka yakiwa wazi. Jirani yetu wa upande wa pili wa barabara, muuza nguo kama sisi na mwenye duka kubwa kuliko letu, akafunga dishi juu ya bati na televisheni ikitazama mlangoni. Mechi ya kwanza ilikuwa Ijumaa, tarehe 31 Mei, saa nane na nusu mchana, watu wameshatoka msikitini: Senegal na Ufaransa, mabingwa wa dunia wa wakati ule. Duka likajaa mpaka barabarani. Papa Bouba Diop alipofunga lile bao dakika ya 30, hata mimi nilisimama. Jirani alifurahi sana, akadhani wale wote ni wateja.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi langu natazama kitu kingine. Akina mama waliokuja kutafuta doti za harusi walikuwa wakifika kwenye ule umati, wanavuta mabuibui yao, wanageuka. Hakuna mama atakayejipenyeza kwenye migongo ya wanaume ili akachague kanga. Wakavuka barabara wakaja kwangu. Mmoja aliyefanikiwa kuingia aliniambia aliuliza bei mara mbili asijibiwe, maana mwenye duka na vijana wake wote walikuwa wameelekeza nyuso kwenye kioo. Kabla mashindano hayajaisha, robota zima la vitenge lilikuwa limetoweka karibu na mlango, wala hakuna aliyejua limetoka siku gani. Kombe likaisha, umati ukaenda zake. Wale akina mama walikuwa wameshalijua benchi langu, na wengi hawakurudi kule. Walibaki kwangu kwa sababu nilikuwa nawajua: nani anaoza mwezi huu, nani yuko edani, nani hulipa mwisho wa mwezi wala hahitaji kukumbushwa.

Baba yako, Mungu amrehemu, siku zilezile za Kombe alitaka nasi tununue televisheni. Nilipokataa akasema nazuia maendeleo yake, akachukua fungu lake la mtaji akahamia Dar es Salaam. Duka ulilonalo leo limetokana na fungu hilo. Alikuwa ndugu yangu na nilimpenda, lakini hakuwahi kuniambia kwamba nilisema kweli, nami jambo hilo bado ninalo moyoni.

Utasema, Shangazi, mimi sionyeshi mpira, naonyesha bidhaa zangu mwenyewe. Kweli, na ndiyo maana sikukatazi. Lakini jicho la mteja likishavutwa na picha, lazima awepo mtu wa kumpokea. Picha ya kitenge haimwambii mama kama rangi itatoka akikifua, wala kama yadi 6 zitamtosha yeye na mwanawe. Binti ndiye anayekikunjua juu ya meza, akamtupia begani, akamwonyesha kwenye kioo cha kujitazamia, akajua amsifie vipi na akome wapi. Miaka yote niliyouza sikuona kinachouza nguo kuliko mkono unaoikunjua. Ukimtoa huyo, utabaki na watazamaji.

Tena hata televisheni itamhitaji. Nilimkalisha mtoto wa binamu yako, yule fundi wa kompyuta, akanieleza mambo yote jioni nzima. Kumbe televisheni nyingi za nyumbani hujizima zenyewe zikiachwa saa kadhaa, nyingi saa 4, bila mtu kugusa rimoti, mpaka uingie kwenye mipangilio uondoe hilo. Umeme ukikatika ukarudi, nyingi hubaki zimelala au hufunguka kwenye ukurasa wake wa mwanzo, na picha zako haziendelei hadi mtu azirudishe. Wewe utakuwa bandarini au kwenye stoo. Nani atazirudisha?

Kijana huyo anasema kwa duka lako lenye upana wa hatua chache, inchi 43 zinatosha kabisa. Televisheni ya kawaida husoma picha kwenye flashi na kuzizungusha yenyewe, kwa hiyo usiuziwe mashine nyingine kabla hujaijaribu. Kila picha iandaliwe kwa ulalo, pikseli 1920 kwa 1080, maana picha iliyopigwa simu ikiwa wima huacha weusi pande zote mbili. Televisheni ikisumbua kuonyesha picha, slaidi zigeuzwe video ya MP4 ijirudie. Usiielekeze juani, kwa kuwa za nyumbani hazina mwanga wa kushindana na jua la mchana, na zile za dirishani zenye mwanga mkali ni za bei nyingine kabisa. Ukiambiwa ununue ya OLED, kataa, maana picha inayokaa mahali pamoja kila siku huweza kuacha alama isiyotoka. Ikila wati 100 kwa saa 10, hiyo ni uniti moja ya LUKU kwa siku, nayo uihesabu kwenye gharama. Na uweke kifaa cha kuikinga umeme unaporudi kwa nguvu.

Maneno uyaandike kama yanavyoandikwa kwenye kanga: sentensi moja, herufi kubwa, yasomeke na anayepita njia. Kitenge kimoja, bei moja, picha moja, na ikae mpaka mtu aisome mara mbili bila haraka. Nimeona matangazo mjini hapa yenye maneno chungu nzima yanayopita mbio. Sijaona mtu aliyeyamaliza.

Bei ikibadilika asubuhi, picha ibadilike asubuhi hiyohiyo. Mtu aliyeingia kwa bei ya kwenye kioo akakuta nyingine mezani atakisimulia kikoba chake chote, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bei.

Muziki, acha. Nyimbo zina wenyewe, na binti hatasikia mteja anauliza nini.

Kuna jambo la picha za maharusi. Najua wateja wanakutumia picha wakiwa wamevaa vitambaa vyako, na najua utatamani kuzionyesha. Mwanangu, picha ya mwanamke iliyopigwa ndani ya sherehe ya wanawake, kichwa wazi, ukiiweka Mtaa wa Kongo ambako dunia nzima inapita, umemvunjia heshima yeye na kwao. Muulize kwanza, akubali kwa kinywa chake, tena kwa maandishi. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Asipokubali, kikunjue kitenge mezani ukipige picha chenyewe. Jina letu huku Tanga halijawahi kutajwa kwa aibu ya namna hiyo.

Narudi kwenye mkopo. Watu wa kausha damu hukuletea fedha siku hiyohiyo na huja kuchukua friji ya mkeo kwa haraka ileile. Umewaona hapo Kariakoo kuliko mimi. Televisheni hailipi deni la namna hiyo kwa mauzo ya mwezi wa kwanza, na ndiyo maana umeanza kuutazama mshahara wa binti. Yule mtoto anatunza mama yake kwa fedha hiyo, na amekaa na wewe tangu duka lilipokuwa na rafu mbili.

Nina akiba yangu kwenye kikundi. Nitakupa ya kununulia televisheni ya inchi 43 na kibanio chake cha ukutani, bila riba, unirudishie kidogo kidogo kadiri unavyouza. Sharti langu ni moja: binti abaki, na afundishwe kubadilisha zile picha. Nipigie Jumapili kabla hujaonana na hao watu wa mkopo.

Wasalaam,
Shangazi yako