Barua kutoka Ughaibuni: Neno la Buluu na Ngozi Isiyogeuka Buluu

Barua hii, inayoandikwa kutoka Uingereza kwa wasomaji wa nyumbani, inahusu neno moja la Kiingereza, nalo ni 'blue', ambalo mtoto wa shule ya msingi hufundishwa mapema kuwa maana yake ni buluu, na ambalo mhamiaji hulikuta tena ng'ambo likiwa limebeba mizigo ambayo mwalimu hakuitaja. Neno la rangi huonekana jepesi kulitafsiri kwa kuwa rangi yenyewe huweza kuonyeshwa kwa kidole, lakini wepesi huo huwaponza wengi, kwa sababu watu wa lugha mbili wanaweza kutazama kitambaa kimoja na kukubaliana jina la rangi yake, kisha wakapotezana kabisa pale jina hilohilo linapotumika kueleza hali ya moyo, aina ya kazi au ngozi ya mgonjwa.

Kiswahili kina vivumishi halisi vitatu tu vya rangi, yaani maneno yanayochukua viambishi vya ngeli kama vivumishi vingine, navyo ni -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine huelezwa kwa kuazima jina la kitu chenye rangi hiyo: kijani kwa jani, kijivu kwa jivu, kahawia kwa kahawa, zambarau kwa tunda, manjano kwa kiungo cha jikoni; ndiyo maana husemwa kiti cheusi na nguo nyeusi, lakini kiti cha kijani na nguo ya kijani. Wataalamu wawili wa Marekani, Brent Berlin na Paul Kay, walidai katika kitabu chao cha mwaka 1969 kwamba lugha za dunia hupata majina ya msingi ya rangi kwa mpangilio unaofanana, zikianza na nyeupe na nyeusi, zikifuata na nyekundu, kisha kijani na manjano, na buluu ikija baadaye. Nadharia hiyo imepingwa na kurekebishwa mara nyingi, ila mizizi mitatu ya Kiswahili inaafikiana nayo kwa namna ya kustaajabisha.

Lingekuwa kosa, hata hivyo, kudhani kwamba watu wa pwani hawakuwa na jina la rangi ya mbingu hadi Mwingereza alipowaletea neno lake likageuzwa kuwa buluu. Kiswahili kina samawati, kutokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mbingu. Kina feruzi, jina la jiwe la thamani ambalo rangi yake iko kati ya buluu na kijani. Tena kina nili, rangi iliyotokana na mmea, ambayo waosha nguo waliitia kwenye maji ya kusuuzia kanzu ili weupe wake ung'ae. Kaniki, nguo ya wanawake wa pwani na bara iliyotiwa nili nzito, ilielezwa na Wazungu kuwa ya buluu iliyokoza, ilhali walioivaa waliiona nyeusi. Hakuna aliyekosea kuona. Mpaka wa weusi ndio uliochorwa mahali tofauti.

Visawe vya 'blue' katika Kiingereza, yaani maneno yanayokaribiana nalo kwa maana, vinasimulia safari ambazo msomaji wa pwani atazitambua, kwa sababu nyingi zilipita Bahari ya Hindi au nchi zinazoizunguka. Neno 'indigo', ambalo ndilo nili, lilitoka katika Kigiriki na Kilatini kwa maana ya kitu cha Uhindi. Neno 'azure', linalotaja buluu ya mbingu angavu, lilitoka katika Kiajemi kupitia Kiarabu, na asili yake ni jiwe la buluu linalochimbwa Badakhshan, katika Afghanistan ya leo. Jiwe hilohilo, lililosagwa na kusafirishwa hadi Ulaya kwa wachoraji, ndilo lililotoa rangi iitwayo 'ultramarine', neno ambalo kwa Kilatini lina maana ya kitu kilichotoka ng'ambo ya bahari. Mwandishi wa barua hii anaona kwamba katika visawe vyote hakuna kinachomfaa mtu wa ughaibuni kuliko hicho, kwa kuwa rangi hiyo nayo iliitwa kwa jina la safari yake, wala haikuitwa kwa jina la kwao. Kisawe 'navy' kimetokana na sare za maofisa wa jeshi la majini la Uingereza, walizopewa mwaka 1748.

Nje ya rangi, maana ya kwanza inayomkabili mhamiaji ni ile ya huzuni. Waswahili wengi walioko Uingereza hufanya kazi ya kuwahudumia wazee katika nyumba za malezi, na mzee anayesema kwamba leo anajisikia 'blue' anakuwa ametamka jambo zito kwa neno dogo, ambalo mhudumu asiyelijua hulipita kama salamu. Katika karne ya 18 Waingereza walisema kwamba mtu mwenye huzuni ameingiwa na mashetani wa buluu, na Wamarekani weusi wa majimbo ya kusini waliupa muziki wao jina la 'blues', ambalo mtunzi W. C. Handy alilitia katika kichwa cha wimbo aliouchapisha mwaka 1912. Kiswahili hakina rangi kwa hali hiyo. Kina simanzi, jitimai, unyonge na moyo mzito. Mswahili naye, anapomwambia daktari wa Kiingereza kwamba moyo unamuuma, huenda akapelekwa kupimwa kifua, kwa kuwa lugha yake huiweka huzuni katika kiungo cha mwili pale ambapo Kiingereza kimeiweka katika rangi.

Maana nyingine zinaweza kupitiwa kwa haraka. Kazi za mikono huitwa kazi za kola ya buluu, kwa sababu ya mashati ya wafanyakazi wa viwandani. Jambo la ghafla husemwa kuwa limetoka katika buluu, yaani katika mbingu isiyo na wingu. Na kibali cha maegesho cha mtu mwenye ulemavu huitwa beji ya buluu tangu mwaka 2000, kilipochukua nafasi ya beji ya rangi ya chungwa. Buluu ni rangi ya chama cha Conservative nchini Uingereza, ilhali kule Marekani ni ya chama cha Democratic, hivyo ndugu wawili wanaoishi katika nchi hizo wanaweza kuitaja siasa ya buluu wakiwa na maana zinazopingana.

Yote hayo ni mambo ya kujifunza taratibu. Lililoisukuma barua hii iandikwe ni la dharura. Madaktari wa Ulaya na Marekani walijifunza kwa vizazi kadhaa kwamba damu inapopungukiwa na oksijeni mgonjwa hugeuka buluu, na hali hiyo huitwa sayanosisi, jina lililotokana na neno la Kigiriki la rangi hiyohiyo. Watoto wachanga waliozaliwa na kasoro fulani za moyo waliitwa watoto wa buluu, na upasuaji maarufu wa kuwaokoa ulifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1944 katika hospitali ya Johns Hopkins kwa juhudi za Alfred Blalock, Helen Taussig na Vivien Thomas. Huyo wa mwisho alikuwa fundi wa maabara, mtu mweusi, ambaye mchango wake ulichukua miaka mingi kutambuliwa. Ni jambo la kuumiza kwamba mtu mweusi alisaidia kuwaponya watoto walioitwa kwa rangi ambayo, juu ya ngozi kama yake, mara nyingi haionekani.

Katika ngozi nyeusi, upungufu wa oksijeni huweza kujitokeza kama ukijivu au weupe uliofifia, na mara nyingi hutambulika zaidi ndani ya midomo, kwenye ufizi, ulimi, viganja na nyayo. Mwaka 2020 Malone Mukwende, aliyekuwa mwanafunzi wa udaktari katika chuo cha St George's jijini London, alitoa pamoja na walimu wake wawili mwongozo uitwao Mind the Gap, unaoonyesha dalili za magonjwa katika ngozi nyeusi na za kahawia. Mwishoni mwa mwaka huohuo utafiti uliochapishwa Marekani ulionyesha kwamba kipima oksijeni kinachobanwa kidoleni kilishindwa kutambua upungufu huo kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu. Hata alama za Apgar, ambazo mtoto hupewa dakika chache baada ya kuzaliwa na ambazo Virginia Apgar alizitunga mwaka 1952, zinatoa alama kamili ya rangi kwa mtoto mwenye uwaridi mwili mzima, kipimo kinachodhihirisha ni ngozi ya nani iliyokuwa mbele ya macho kilipobuniwa.

Mzazi Mswahili anayepiga simu ya dharura, namba 999, akaulizwa kama midomo ya mtoto imekuwa 'blue', anaweza kujibu hapana kwa ukweli mtupu, kwa kuwa anatazama midomo iliyopauka kama jivu na kulipima jambo kwa neno alilofundishwa darasani. Maelezo ya huduma ya afya ya Uingereza siku hizi huitaja buluu pamoja na kijivu na weupe, na huelekeza kwamba kwa ngozi nyeusi au ya kahawia zitazamwe pia viganja na nyayo; na anayepiga namba 111 kwa ushauri usio wa dharura anaweza kuomba mkalimani. Kwa hiyo ndugu walioko huku, na wale wanaojiandaa kusafiri na watoto, waambizane kwamba jibu la swali hilo lisiishie kwenye ndiyo au hapana: mzazi aseme rangi aliyoiona, aseme ameiona wapi mwilini, na aseme kwamba mtoto huyo kwa kawaida hayuko hivyo.