Tuliandika "Hana"

Maelekezo ya kujiunga na shule yalitufikia mwezi Desemba, tukayachapisha kwenye stesheneri ya karibu na nyumbani. Zilikuwa kurasa saba. Godoro la futi mbili na nusu, shuka za bluu bahari, jembe lenye mpini, ndoo yenye mfuniko, sweta mbili nzito, kwa kuwa shule iko nyanda za juu, ng'ambo ya Iringa, na sisi tunakaa Morogoro ambako sweta huvaliwa kwa bahati. Ukurasa wa mwisho ulikuwa fomu ya afya. Tuliijaza baada ya chakula cha usiku, mmoja akisoma, mwingine akiandika. Jina la mwanafunzi. Tarehe ya kuzaliwa. Namba ya simu ya mzazi. Kisha swali: je, mwanafunzi ana ugonjwa wowote wa muda mrefu?

Tulitazamana. Kisha tukaandika: "Hana."

Binti yetu ana selimundu, ugonjwa ambao mitaani wengi huuita sikoseli. Alizaliwa nao. Tuliujua alipokuwa na miezi tisa, vidole vyake vilipovimba vyote kwa pamoja, akawa halali wala hanyonyi. Hospitalini walitueleza kwamba sisi wawili, wazima kabisa, kila mmoja alibeba nusu ya ugonjwa bila kujua, na kwamba katika kila mimba kulikuwa na nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto wa namna hiyo. Chembe nyekundu za damu yake hujikunja mfano wa mundu, zikaziba mishipa midogo, na popote zinapoziba panauma. Baridi huzichochea. Kiu huzichochea. Uchovu na homa pia. Kwa miaka kumi na mitatu tulijua haya kama tunavyojua majina yetu, na bado kalamu iliandika "Hana".

Sababu ya kwanza ni rahisi kuisema. Tuliogopa shule ingemkataa. Tulishasikia habari za watoto waliorudishwa nyumbani na magodoro yao, tukajiambia aanze kwanza, wamzoee, mengine yatafuata.

Sababu ya pili ni ya imani, nayo ndiyo iliyotufanya tukubali kuandika humu. Mwaka ule alipokuwa darasa la saba, usharika wetu ulikuwa na juma la injili. Binti yetu alipita mbele akaombewa. Tangu Agosti hadi Desemba hakuugua hata siku moja, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu azaliwe. Tulitoa sadaka ya shukrani. Tulisimama mbele ya kanisa zima, watoto wetu wote wamevaa nguo mpya, tukasema ameponywa. Watu walipiga vigelegele. Sasa miezi michache baadaye mtu anakuuliza kwa maandishi kama mtoto ana ugonjwa. Ukiandika "ana", umemwambia nini Mungu? Ndivyo tulivyofikiri. Kuandika "hana" tulikuona kuwa ni kuushikilia ushuhuda wetu.

Lakini vidonge vyake vya foliki tuliviweka kwenye sanduku la chuma. Tulivitoa kwenye pakiti ya hospitali tukavimimina ndani ya chupa ya vitamini, na tukamwagiza: ukiulizwa, sema ni vitamini. Na habari za ugonjwa usimwambie mtu, umepona.

Muhula wa kwanza ulipita salama. Muhula wa pili ulianza Julai, na Julai ya kule si mchezo. Watoto huamshwa saa kumi na moja alfajiri, wakakimbia mchakamchaka na nyimbo, mvuke ukiwatoka midomoni. Binti yetu alikimbia pamoja na wenzake, kwa kuwa kwenye karatasi alikuwa mzima. Ile chupa ya vitamini ilikuwa kabatini kwa matroni tangu siku ya kufungua shule, maana dawa zote hukabidhiwa, na vitamini si kitu cha kukumbusha watu.

Jumatatu ya wiki ile tulipata ujumbe kutoka shuleni. Ulikuwa wa salio la ada. Tuliusoma, tukakubaliana tulipe mwisho wa mwezi.

Alhamisi saa mbili usiku simu iliita tukiwa kwenye jumuiya, kwa jirani. Sauti ya mwanamume ilijitambulisha kuwa ni mhasibu wa shule. Tulidhani ni ile ada. Akasema, "Mzazi, samahani, binti yenu yuko hospitali tangu mchana. Hali yake si nzuri sana. Matroni amewatafuta siku tatu."

Siku tatu! Maneno hayo ndiyo tuliyopanda nayo basi la saa kumi na mbili asubuhi. Njiani tuligawana ghadhabu kama watu wanavyogawana mkate. Pale Mikumi basi likatembea polepole kwa ajili ya wanyama, nasi tukawa tunapanga tutakayomwambia mkuu wa shule. Pale Kitonga malori yalipanda mlima kwa kujikokota, moja nyuma ya lingine, tukawa tumeshafika mpaka kwa mkuu wa wilaya. Ada ikichelewa wiki moja wanatupata. Mtoto akilala siku tatu anaungua na homa, hawatupati? Kila tulipokuwa tumechoka kukasirika tulisali, na sala yenyewe ilikuwa fupi. Hatukuomba uponyaji. Tuliomba tumkute.

Tulimkuta. Alikuwa na dripu mkono mmoja na chupa ya damu mkono wa pili, hewa ya oksijeni puani, midomo imekauka na kupasuka. Kifua kilikuwa kimeshaingiliwa. Daktari alitueleza kwa upole, kisha akauliza tangu lini tulijua kuhusu selimundu. Tulijibu kwa sauti ndogo. Hakusema kitu, aliandika.

Binti yetu alipofumbua macho alimtazama mama yake, akasema, "Sikusema. Ni yeye ndiye aliyesema."

"Yeye" ni msichana wa kitanda cha juu yake. Kumbe walikuwa wameambiana tangu mwezi wa pili, kama wasichana wanavyoambiana mambo taa zikizimwa. Jumanne mwenzake alipoanza kulia miguu, walimpima malaria, hapana, wakampa panadol. Jumatano vivyo hivyo. Alhamisi asubuhi yule msichana aliondoka darasani bila ruhusa, akaenda kwa matroni akamwambia, "Mwalimu, huyu ana sikoseli, ila wazazi wake wamemkataza kusema." Baada ya nusu saa gari la shule lilikuwa barabarani.

Mtakumbuka kwamba katika habari za Naamani, jemadari wa Shamu, aliyejua mahali pa kupata msaada alikuwa kijakazi mdogo ambaye hata jina lake halikuandikwa. Tumekuwa tukimfundisha yule kijakazi katika shule ya Jumapili kwa miaka mingi. Hatukuwa tumefikiri kwamba ingekuja siku tungekuwa sisi ndio tuliomzuia asiseme.

Jumamosi tulikwenda shuleni. Ghadhabu ilikuwa imepungua lakini haikuwa imekwisha. Matroni, mama wa makamo, alituamkia kwa pole ya safari, akatuwekea chai, kisha akafungua daftari la wagonjwa mbele yetu. Aliandika vizuri. Jumanne, saa nne asubuhi: mzazi amepigiwa, simu haipatikani. Jumanne, saa kumi jioni: haipatikani. Jumatano, saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla ya mchakamchaka: haipatikani. Tuliitazama namba. Ilikuwa yetu. Ni laini iliyopotea na simu iliyoibwa stendi ya Msamvu mwezi Machi. Tulinunua laini mpya, tukawajulisha ndugu, tukajulisha kwaya, tukajulisha kikundi cha kuweka na kukopa. Shuleni hatukujulisha mtu. Ada tulilipa kwa laini mpya, kwa hiyo mhasibu aliinakili kwenye kitabu chake. Ofisi ya mhasibu na chumba cha matroni vinatazamana. Tulihesabu, ni hatua ishirini na tatu. Namba sahihi ilikaa upande mmoja siku tatu, na mtoto anayeumwa akalala upande wa pili.

Hilo ni kosa la shule, na tulilisema, na mkuu wa shule alilikubali bila kuzungukazunguka. Hatuoni sababu ya kulificha kwa kuwa tu na sisi tulikuwa na letu. Shule inayokusanya namba za simu kwa ajili ya fedha peke yake ina jambo la kutubu.

Baada ya daftari, matroni alitoa faili. Alilifungua kwenye fomu ya afya, akaigeuza ituelekee, akaenda dirishani kama mtu anayetazama mvua, na mvua haikuwepo. Tuliliona lile neno. Mwandiko ulikuwa mzuri.

Tuliporudi Morogoro, siku kumi baadaye, tulikwenda kwa mchungaji wetu. Tulitaka kujua ushuhuda wetu una hali gani sasa. Je, tulidanganya madhabahuni? Je, maombi yale yalikuwa bure? Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja: "Kama mliamini amepona, kwa nini mliweka dawa kwenye sanduku? Na kama mliamini anahitaji dawa, kwa nini mkaibadilishia chupa?" Hatukuwa na jibu, na hatunalo. Alituombea, akatuacha na hilo.

Tangu hapo kuna habari moja katika Injili ya Yohana tunayoisoma mara kwa mara nyumbani, ya yule diwani ambaye mtoto wake alikuwa anaugua Kapernaumu, naye baba akaenda mpaka Kana kumtafuta Yesu. Zamani tuliisoma kama habari ya imani, na ndivyo ilivyo. Siku hizi tunaona na mambo mengine. Tunaona kwamba yule baba alisema ugonjwa wa mwanawe waziwazi, mbele ya watu, bila kuona kuwa kuutaja ni kukosa imani. Tunaona pia kwamba watumwa wake hawakumngoja afike nyumbani. Walitoka wakamlaki njiani, kwa sababu walijua mzazi aliye safarini na mtoto kitandani anakuwa na hali gani. Na yeye, badala ya kufurahi tu, akauliza saa. Aliambiwa ni saa ipi ya jana yake homa ilipomtoka mtoto, akailinganisha na saa aliyosemeshwa na Bwana. Sisi tuliokaa mbele ya daftari la matroni, tukifuata saa moja baada ya nyingine kwa kidole, tunamwelewa mtu huyo.

Tulitoa shukrani tena usharikani, mwezi Septemba. Safari hii tulisema binti yetu ana selimundu, yu hai, na tukaeleza habari ya fomu. Vigelegele havikuwa vingi. Mzee mmoja tunayemheshimu alitufuata nje akasema tumeuvunja moyo wa wengine. Huenda. Lakini Jumapili iliyofuata mama mmoja alitusogelea pembeni, mtoto wake yuko bweni kule Dodoma, ana kifafa. Na yeye alikuwa ameandika "Hana".

Shuleni mambo yamebadilika kiasi. Fomu sasa ina namba mbili na jina la ndugu wa tatu, na kila muhula unapofunguliwa matroni huwapigia wazazi wa kidato cha kwanza wote, simu ya sekunde kumi, kuona tu kama inaita. Kundi la wazazi kwenye simu lilileta shida yake: mwalimu mmoja kwa nia njema aliandika humo jina la mtoto na ugonjwa wake ili tumwombee, wazazi mia mbili wakasoma. Tuliomba lifutwe. Maombi hayahitaji jina la ugonjwa, na mwenye haki ya kulitaja ni mtoto na wazazi wake. Anayehitaji kulijua ni matroni. Nasi tulikuwa tumefanya kinyume: usharika mzima ulijua, matroni hakujua.

Binti yetu sasa yuko kidato cha tatu. Hakimbii mchakamchaka; hubeba chupa ya maji ya lita moja na nusu kila aendako, na wenzake wamempa jina kwa ajili hiyo. Dawa zake ziko kabatini kwa matroni, ndani ya pakiti yenye jina lake halisi. Chini ya lile neno letu la zamani, ambalo hawakulifuta, tulijaza nusu ukurasa kwa mkono: dalili, dozi, namba ya kliniki, na kwamba homa ikifika nyuzi 38 na nusu isisubiriwe mpaka asubuhi.

Julai iliyopita matroni alipiga saa tatu usiku. Alisema, "Shikamooni kwanza msishtuke. Kipimajoto kimeonyesha 38.7, tupo kwenye gari, tumekaribia hospitali. Nampa aongee." Tulisikia gari likipiga honi, kisha sauti yake, nzito kidogo kwa homa.

"Baba, Mama, msitoke usiku huu. Kitonga kuna malori. Njooni kesho."