Nimechukua Dawa

Wahenga walinena kuwa heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa ulimi kwa simu, nikiwa bwenini jijini Nairobi, na aliyeumia ni nyanya yangu, mkaazi wa Likoni.

Alikuwa amepewa dawa za shinikizo la damu katika zahanati. Juma hilo nilimpigia simu mara mbili, na mara zote mbili nikamuuliza: "Nyanya, umechukua dawa?" Naye akanijibu kwa Kimvita chake: "Nishatukua, mjukuu wangu." Siku ya tano alianguka ukumbini. Dawa zilikutwa kabatini, hata kifuko hakijafunguliwa. Nyanya hakusema uongo. Dawa alikwisha kuzichukua kule zahanati. Mimi ndiye sikumuuliza iwapo amezinywa.

Ama kwa hakika, swali langu lilikuwa la Kiingereza lililovishwa kanga. Nilifikiri kwa kitenzi "take", ambacho Mwingereza hukitumia kwa dawa, picha, basi, mtihani na hata kiti. Mswahili hunywa dawa, hupiga picha, hupanda basi, hufanya mtihani na hukaa kitini.

Ajabu ni kwamba "take" chenyewe ni mgeni katika Kiingereza. Asili yake ni "taka" ya Kinorse cha Kale, lugha ya Waviking walioanza kuvamia Uingereza mwishoni mwa karne ya 8, kisha wakalowea huko. Waingereza walikuwa na kitenzi chao cha asili, "niman", ndugu wa "nehmen" wa Kijerumani. Katika karne ya 11 mgeni alianza kuonekana katika maandishi, na hatimaye akamfukuza mwenyeji. Leo "niman" amesaza vizalia tu: "numb", yaani aliyekufa ganzi, aliyetwaliwa hisi zake, na "nimble", yaani mwepesi, ambaye hapo kale alikuwa mwepesi wa kutwaa.

Nasi je? Aghalabu "twaa" tunalisikia siku hizi katika habari za kombe na ubingwa, huku "chukua" likizidi kupanua mipaka yake. Yet msingi wa kuchukua ni kubeba. Ndiyo maana tuna mchukuzi na uchukuzi. Silalamiki kwamba maana hupanuka, kwani lugha iliyo hai haikosi kukua. Ninachokihofia ni kuipanua bila kujua, msemaji akakusudia hili na msikilizaji akaelewa lile. Darasani kosa la namna hiyo hugharimu alama moja. Nyumbani kwetu lilikaribia kugharimu roho.

Nyanya alipona. Nilipomwomba radhi alicheka, kisha akanikumbusha maana niliyokuwa nimeisahau: kumchukua mzee ni kumtunza.

"Wewe nitukue mimi," akasema. "Dawa nitazinywa mwenyewe."