Kitenzi "Kutaja"

Kwa miaka kumi na miwili maandalio yangu ya somo la historia yaliishi kwa kitenzi kimoja: kutaja. Hadi mwisho wa kipindi kila mwanafunzi aweze kutaja miji mitatu ya kale ya pwani. Kila mwanafunzi aweze kutaja bidhaa nne zilizopitia bandari ya Kilwa. Wakaguzi waliyapenda, maana kutaja kunahesabika. Dhahabu ya Sofala, pembe za ndovu, shanga, vyombo vya China: nne kwa nne, vema, saini.

Mwaka 1996 mzazi mmoja alituazima lori lake, nikawapeleka darasa la sita Kilwa Masoko, tukavuka kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya mji wa kale. Pale Gereza walichangamka, wakitafuta wafungwa; walipoambiwa ni ngome tu, wakanyong'onyea. Ndani ya Msikiti Mkuu nikaanza kuhubiri kama niko ubaoni: ulianza kujengwa karne ya 11, ukapanuliwa baadaye, msafiri Ibn Battuta alifika mji huu mwaka 1331. Nikauliza, nani walijenga? "Waarabu!" darasa zima likaitikia. Jibu hilo nililifundisha mwenyewe.

Binti mmoja hakuitikia. Alikuwa amechuchumaa ukutani, anakwangua kwa ukucha.

"Mwalimu, hili si tumbawe? Na hii chokaa, si kama anayochoma baba?"

Nikasema ndiyo.

"Sasa Waarabu walimfundisha baba, au baba ndiye aliwafundisha?"

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa sikuwa na la kumjibu, na mwalimu asiye na jibu mbele ya watoto arobaini huona jua limekuwa kali ghafla. Nikawaambia ni saa ya kula mihogo.

Ilinichukua muda kupata pa kusoma habari za mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyechimba Kilwa miaka ya 1960. Chini ya majengo ya mawe alikuta tabaka za mji wa zamani zaidi: nyumba za miti na udongo, na vigae vingi vya vyungu vya kienyeji. Watu walikuwapo, wanapika, wanavua, kabla ya ukuta wa kwanza wa jiwe kusimama. Wageni walikuja, wakaoa, wakaleta dini na biashara. Lakini mji haukushuka jahazini ukiwa mzima.

Muhula uliofuata nikaandika lengo jipya: kila mwanafunzi aweze kumhoji mzee wa mtaani jinsi nyumba yake ilivyojengwa, na kulinganisha na ukuta aliouona Kilwa. Mkaguzi alilisoma mara mbili.

"Hili utalipimaje, mwalimu?"

"Watakuja na majibu yasiyofanana, mzee."

Akaandika pembeni kwa wino mwekundu: *Halipimiki*.

Karatasi hiyo ninayo. Nyuma yake yule binti alichora tanuu la chokaa: magogo yamepangwa duara, matumbawe yamerundikwa juu, na mtu kando ameshika kijinga cha moto.