Mbwa Mdogo wa Kukaa na Watoto

Jambo tunalotaka kuwasimulia leo huenda wengine wataliona dogo. Ni habari ya mbwa. Lakini nyumbani kwetu Kasenyi, hapa ukingoni mwa Ziwa Albert, habari hiyo ilituchukua karibu mwaka mzima, ikatugombanisha, na mwishowe ikatupatanisha. Tumeona vema kuwaandikia, maana wako wazazi wengi ambao watoto wao huwaambia kila siku: “Baba, Mama, na sisi tupate mbwa.”

Watoto wetu ni wanne. Mkubwa ana miaka 13, kitinda mimba ana miaka 4. Walipoomba mara ya kwanza, mmoja wetu alikubali upesi. Mwingine, yaani mama wa nyumba, alikataa kabisa, wala hakutaka kusema sababu. Usiku, watoto wamekwisha kulala, ndipo aliposema.

Zamani alikuwa na mdogo wake wa kiume, mtoto wa miaka 7, aliyejua kuogelea kabla ya kujua kuhesabu. Siku moja mtoto huyo aliokota kitoto cha mbwa njiani, akacheza nacho, nacho kikamwuma kidole. Jeraha lilikuwa dogo kama la mwiba. Wakubwa wakalipaka majivu, likafunga. Baada ya miezi miwili hivi mtoto akashikwa na homa, akahangaika. Alipoletewa kikombe cha maji, koo lilimkaza, akapiga kelele kwa hofu. Mtoto wa ziwani akaogopa maji! Juma halikwisha wakamzika.

Basi, tangu usiku ule tulielewa kwamba kuchagua mbwa wa kukaa na watoto si kuchagua rangi tu. Tuliketi tukapatana masharti matatu. Kwanza, awe mdogo wa mwili, asije akamwangusha mtoto. Pili, awe mpole na mvumilivu. Tatu, tuweze kumlisha na kumchanja pasipo kuwanyima watoto haki yao.

Rafiki yetu mmoja, mfanyabiashara wa Bunia, alituonyesha mbwa wa kizazi cha kigeni, mdogo, mweupe, mwenye nywele ndefu na pua fupi iliyobonyea. Watoto walimpenda papo hapo. Bei yake ilitutisha. Lakini hata kama tungepewa bure, tulikuwa na maswali. Bunia iko juu, zaidi ya mita 1,200, na upepo wake ni wa baridi. Kasenyi iko chini bondeni, karibu nusu ya kimo hicho, na ukiteremka kwa njia ya Bogoro unasikia joto likikupokea kabla hujaliona ziwa vizuri. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama mtu. Hujipoza kwa kuhema, ulimi nje. Mwenye pua fupi hahemi sawasawa, naye huweza kufa kwa joto ambalo mbwa wa kwetu hulilalia. Nywele ndefu nazo ni maficho ya kupe na viroboto, na katika Ituri, nchi ambayo tauni haijakwisha kabisa, viroboto si jambo la mchezo.

Tena, udogo wenyewe una hatari yake. Mbwa mdogo kupita kiasi ana mifupa myembamba. Mtoto wa miaka 4 humkumbatia kwa nguvu, humwangusha, humkanyaga. Mbwa akiumia, huuma, hata akiwa na moyo mwema namna gani. Tulimshukuru rafiki yetu, tukarudi mikono mitupu na watoto wananuna.

Baadaye tukaletewa habari ya mbwa wa mwituni, wale wa wawindaji wa pande za Mambasa. Hao ni wenyeji wa nchi yetu, na sifa zao zimefika mbali kuliko tulivyodhani. Wana kimo cha sentimita 40 hivi, uzito wa kilo 10 au 11, nywele fupi, masikio yaliyosimama, makunyanzi katika paji la uso, na mkia uliojipinda kama pete juu ya mgongo. Hujilamba na kujisafisha kama paka. Hawabweki kama mbwa wengine, bali hutoa sauti kama ya mtu anayejaribu kuimba. Kwa hiyo wawindaji huwavika kengele ya mti shingoni, wapate kujua walipo katika msitu mnene.

Wazungu huwaita Basenji. Wawili walionyeshwa London mwaka 1895, lakini ugonjwa ukawaua upesi. Wengine walipelekwa baadaye, na mwaka 1937, katika maonyesho makubwa ya mbwa yaitwayo Crufts, watu walisongamana kuwatazama. Leo, Ulaya na Marekani, mtu hutoa fedha nyingi apate mmoja. Na jina hilo ni nini? Ni neno la Kilingala, ndugu wa neno letu “washenzi.” Tulicheka tuliposikia, kisha tukaona haya. Mbwa tunayempiga mawe sokoni kwa kumwita mshenzi, ndugu yake analala juu ya zulia huko ng'ambo!

Hata hivyo sifa hazikutosha kutupofusha. Mbwa huyu ni mwindaji kwa damu. Ana akili nyingi, na ukaidi wa kutosha. Akiona kuku anakimbia, hakumbuki tena jina lake. Na nyua za Kasenyi zimejaa kuku na bata. Yule tuliyeletewa alikuwa mtu mzima tayari, amekulia porini. Kitinda mimba wetu alipomshika mkia, aligeuka kwa ukali, tukamvuta mtoto. Kosa halikuwa la mbwa. Hakuna aliyemfundisha mtoto ni nini.

Mama wa nyumba akasema: “Mmeona?” Nasi tukanyamaza.

Lakini mwacha asili ni mtumwa, na jibu lilikuwa jirani siku zote. Nyuma ya vichanja vya kuanikia samaki, mama mmoja jirani yetu ana mbwa jike wa rangi ya kahawia, masikio wima, mkia wa pete. Hatujui ana damu gani, ila umbo lake ni lile lile la wale wa msituni. Huyo tulimjua kwa miaka. Tuliwaona watoto wa jirani wakimruka akilala, naye anatikisa mkia. Tuliwaona kuku wakipita mbele ya pua yake. Alipozaa, ni mama wa nyumba mwenyewe aliyesema: “Twende tukawatazame. Kutazama tu.”

Vitoto vilikuwa vinne, vya majuma 8. Kimoja kilijificha kwa hofu. Kingine kiliwarukia wenzake na kuwauma bila kuchoka. Tukaviacha vyote viwili. Cha tatu kilikuja polepole, kikanusa mkono, kikaulamba. Tulipokilaza chali kilipapatika kidogo, kisha kikatulia. Hicho ndicho tulichochukua, kwa bei ya kuku mmoja. Watoto wakakiita Pete.

Mama wa nyumba akatoa amri: mpaka siku ya chanjo, mtoto asikiguse pasipo mmoja wetu kuwapo. Kilipotimiza miezi mitatu, tulikipandisha pikipiki ndani ya kikapu, tukaenda nacho Bunia. Dawa ya chanjo haina budi kukaa baridini, na kwetu joto ni kali. Kwa hiyo ni heri mbwa aifuate dawa. Tangu Pasteur alipomchanja mtoto wa kwanza mwaka 1885, dunia inajua jinsi ya kuushinda ugonjwa huu. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 hufa kwao kila mwaka, na katika kila watu 10 wanaoumwa na mbwa wa kushukiwa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikiisha kutokea, karibu hakuna anayepona.

Pete hakutuletea raha tu. Siku moja alipokuwa akila, kitinda mimba alimnyang'anya kichwa cha samaki. Pete akanguruma. Mmoja wetu alishika fimbo. Mwingine akamzuia, na aliyezuia ni mama wa nyumba. Alimwita mtoto, akamwambia: “Na wewe ukinyang'anywa ugali, utacheka?” Tangu hapo tuna sheria nne, na hata mdogo anazijua. Mbwa anapokula, mwache. Anapolala, mwache, wazee walisema usimwamshe aliyelala. Usimvute mkia wala sikio. Na mbwa usiyemjua, usimguse, hata awe mdogo kama kiganja.

Kando ya mtungi wetu pana kipande cha sabuni kisichotumika kwa kazi nyingine. Mtu akiumwa na mbwa yeyote, hata mkwaruzo tu, ataoshwa jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, bila majivu, bila pilipili, kisha atapelekwa hospitali siku ile ile kutafuta chanjo.

Enyi wazazi, tusiulize kwanza mbwa ni wa kizazi gani. Tumtazame mama yake, tuitazame nchi atakayokaa, kisha tuwatazame watoto wetu wenyewe. Samaki mkunje angali mbichi: neno hilo ni kwa mbwa, na ni kwa mtoto pia. Fedha tusizotoa kununulia jina kubwa, tuzitoe kwa chanjo, kila mwaka.

Siku hizi, jioni, yuko mtu katika nyumba yetu anayeketi mlangoni akichambua miiba ya samaki kwa subira kabla ya kumpa Pete chakula. Ni yule yule aliyekataa. Watoto wakitoka ziwani wakitiririka maji, Pete huwatangulia mbio, naye mama huyo huwahesabu wote, mmoja mmoja, na mbwa humhesabu wa tano.