Kwa Mzee John

Siku ya kwanza tulikuwa saba, na hakuna aliyekuwa na viatu vya maana. Ilikuwa Oktoba 2008. Mzee mmoja tuliyeswali naye hapa Leicester, mtu wa Lamu, alikuwa ametoka kupimwa sukari, nesi akamwambia awe anatembea. Akaja kutuuliza: atembee aende kwa nani?

Hakuwa anatania. Kwetu mtu hatembei hivi hivi. Unakwenda sokoni, mazikoni, shambani. Na ukisema unakwenda kutembea, maana yake kuna kibaraza mahali fulani, na mtu wa kukupa chai na habari. Kuvaa koti, kuzunguka miti na kurudi ulikotoka bila kubisha hodi popote, hilo tuliwaachia Wazungu na mbwa wao. Lakini mzee asingekwenda peke yake, nasi tusingemwacha. Jumapili tukajipakia kwenye magari mawili mpaka kijiji cha Newtown Linford, tukaingia Bradgate Park.

Zamani pale palikuwa milki ya ukoo wa Grey, mabwana wakubwa, na uwanja wa kuwindia wa pale umetajwa katika maandishi tangu 1241. Ni zaidi ya ekari 800 za nyasi, miamba, kangaga na mialoni mikongwe. Mwaka 1928 Charles Bennion, tajiri wa Leicester aliyekuwa katika biashara ya mashine za kutengenezea viatu, aliinunua akawapa watu wa jimbo la Leicestershire. Ndiyo maana hakuna aliyetuuliza tunamtafuta nani. Na mimi, kwenye ardhi iliyonunuliwa na mtu wa viatu, kiatu changu cha kazini kiliachia soli kabla hatujafika nusu ya mlima.

Tulitembea kama watu wanaowahi maiti. Wanaume mbele, wanawake wawili nyuma, hakuna kusimama, hakuna kutazama. Kileleni kuna mnara wa mawe uliojengwa 1784, unaitwa Old John. Fundi umeme wetu akasoma jina, akageuka: “Haya, mwenyeji tumempata. Mzee John.” Mzee wetu, akihema, akaukaribia ukuta, akaugonga kwa fimbo. “Hodi!” Tukacheka mpaka baridi ikatutoka.

Jioni nilimpigia mama Tanga, kwa zile kadi za kukwangua.

“Leo mlikuwa wapi?”

“Tulikwenda kutembea.”

“Kwa nani?”

“Kwa Mzee John.”

“Hajambo?”

“Hajambo. Anakaa mlimani.”

“Mlimchukulia nini?”

Nikanyamaza. Mama akanishukia hapo hapo: mtu mzima mwenzangu, nakwenda kwa mzee wa watu mikono mitupu, hivyo ndivyo alivyonilea? Nilitaka kumweleza, salio likakatika. Wiki iliyofuata nikaona nimechelewa, na kusema kweli nilikuwa nimeanza kulipenda lile jambo.

Mwaka wa pili hatukwenda mikono mitupu. Vitumbua, kachori, chupa mbili za chai ya tangawizi, na mama mmoja wa Kigujarati, mzaliwa wa Kampala aliyefika Leicester mtoto mwaka 1972, akaja na chevda kwenye kopo la biskuti. Tukakaa upande wa mnara usiopigwa na upepo. Chakula ndicho kilichotubadilisha, si nesi. Mtu mwenye chupa ya chai mkononi hakimbii. Mwaka wa kwanza tulikaa kileleni dakika tano. Huo wa pili tulikaa saa nzima, tukaanza kuona tulikuwa wapi.

Wenyeji wana kisa chao. Wanasema John alikuwa mfanyakazi wa milki ile. Bwana wake akafanya sherehe, moto mkubwa ukawashwa mlimani, nguzo ikaungua ikamwangukia akafa. Na kwa kuwa alipenda bia, ukuta ulio ubavuni mwa mnara ukachongwa ufanane na mkono wa kikombe cha bia. Mzee wa Lamu alikisikiliza chote, akautazama mnara, akakata shauri: “Kikombe cha chai kile.” Tangu hapo ni cha chai.

Kamusi zinauita msimu ule wa Oktoba vuli. Sisi wa Tanga vuli ni mvua, na mahindi ya kuchoma baada yake. Kule ni kangaga kugeuka rangi ya kutu, majani ya mwaloni kukwama kwenye matope, na saa zikisharudishwa nyuma mwishoni mwa Oktoba, giza saa kumi na moja. Na ni wakati wa madume ya wanyama wa pembe wa pale kugombea majike. Mwaka 2013 tulipinda kona tukakutana na mmoja, mwekundu, matope mpaka kifuani, rundo la kangaga limening’inia kwenye pembe kama kilemba kilichofunguka. Alinuka kama beberu. Akainua shingo akanguruma, sauti ya kutoka tumboni hasa, na pumzi yake ikasimama hewani kama moshi wa jiko. Sisi, badala ya kurudi nyuma, tukaanza kubishana anaitwaje. Mmoja kasema kulungu, mwingine kasema kulungu ni yule wa porini kwetu, mdogo. Mwenzetu Mkristo akasema huyu ndiye ayala wa kwenye Zaburi. Mama wa Kampala alikwishafika mbali. “Jina yake Kaa Mbali!” akatupigia kelele. “Njoo huku!”

Magoti ya mzee yakaanza kugoma. Kuna njia ya chini, ya lami, inayofuata kijito cha Lin mpaka kwenye magofu ya jumba la akina Grey, la matofali mekundu. Akawa anaishia hapo. Nikamsimulia habari za Jane Grey, msichana wa jumba lile aliyefanywa malkia kwa siku tisa Julai 1553, akakatwa kichwa Februari iliyofuata, na kwamba watu husema mialoni ya pale ilikatwa vichwa kumwomboleza. Ikamwingia kuliko habari za mnara. Kila mwaka angekaa kwenye benchi, aelekee matofali, aseme: “Mtoto wa watu. Wakubwa wamempandisha, wakubwa wamemshusha.” Sasa amerudi Lamu, yeye ndiye anayetembelewa.

Na mama kila Oktoba aliuliza. Mzee John hajambo? Bado anakaa mlimani peke yake, hana watoto? Mwaka mmoja alimtumia kikoi, kupitia kwa mtu aliyekuwa anakuja Uingereza. Ninacho mpaka leo. Alifariki 2018, na sikuwahi kumwambia kwamba Mzee John ni mnara.

Mwaka jana tulikuwa thelathini na zaidi, na vigari vya watoto, na mabinti wenye viatu vya mlima kweli kweli. Sasa goti ni langu. Nilibaki magofuni, kwenye benchi la mzee, na chupa za chai na kapu la chapati, wengine wakapanda. Watoto wetu ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza, hilo nimelizoea. Wa kwanza kushuka alikuwa mvulana wa miaka tisa, mjukuu wa yule fundi umeme, makamasi yanamtoka, akaingiza mkono kwenye kapu kabla ya salamu.

“Mzee John hajambo?” nikamuuliza, mazoea tu.

“Hajambo,” akasema, mdomo umejaa chapati. “Anasema mbona hukuja.”