Jaribio lipi linafaa kwa programu ya kuiga foleni?

Programu ya kukokotoa mishahara ni rahisi kuipima: jibu sahihi linajulikana. Lakini programu inayoiga foleni kwa namba za kubahatisha utaipimaje, ilhali kila ukiiendesha inatoa jibu tofauti?

Nimeandika moja inayoiga zahanati yenye karani mmoja. Kwa wastani wagonjwa 8 huja kila dakika 10, naye anaweza kuhudumia 10. Swali ni kama aajiriwe karani wa pili, kwa hiyo jibu ovyo litawasimamisha wagonjwa bure.

Basi niliyapima majaribio yenyewe. Katika programu, huduma nyingi ni fupi na chache ni ndefu. Nikapanda hitilafu makusudi: kila mgonjwa achukue dakika 1 kamili. Nani ataikamata?

1. Kurudia namba zile zile za kubahatisha, kisha kulinganisha matokeo na ya jana. Lilipiga kelele papo hapo. Lakini hulinda jana tu. Kama jana palikuwa na kosa, litalilinda kosa hilo!

2. Kuongeza karani, foleni ipungue. Ilipungua. Hitilafu ikapita.

3. Kanuni ambayo John Little aliithibitisha mwaka 1961: wastani wa watu waliomo ni kasi ya kuja kwao mara muda wanaokaa. Ikapita tena, maana kanuni hii haijali huduma imegawanyika vipi.

4. Kulinganisha na hesabu. Kwa foleni kama yangu, hesabu inasema wastani wa kungoja ni dakika 4. Yenye hitilafu, hata niiendeshe kwa muda mrefu, inatoa karibu 2. Imenaswa!

Kwangu mimi la nne ndilo bora. Hata hivyo lina mpaka wake. Hesabu hiyo inachukulia kwamba wagonjwa huja mmoja mmoja, kila mtu kwa wakati wake. Matatu ya abiria 14 ikishusha mlangoni, wanaingia kwa mkupuo, na kungoja kunarefuka. Majaribio yote manne yatafaulu, na foleni itafika barabarani.

Hilo hulikamata saa na daftari pale mlangoni. Majaribio yatakuambia kwamba programu inafanya ulichokusudia. Kama ulichokusudia ndiyo zahanati yenyewe, nenda ukahesabu watu.